Maji Mlangoni kwa Wakio

Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika kazi ya kuhudumia wagonjwa wa saratani ni mahali pa kutokaa. Nilikuwa nimeshafanya uuguzi wodini miaka mingi, naweza kuupata mshipa uliojificha na kumtuliza daktari mwenye njaa, na nilidhani sina jipya la kujifunza. Sista Dorkasi, aliyekianzisha kitengo chetu cha tiba shufaa, ya kuwapunguzia maumivu wasiopona, hapa Voi, alinichukua siku yangu ya kwanza kumtembelea mgonjwa nyumbani kwake, kule Marungu. Niliingia, nikasalimia, nikavuta kiti kilichokuwa karibu na kichwa cha mgonjwa. Sista Dorkasi akanishika kiwiko.

"Zuhura," akasema, "uliza kwanza kama kina mtu."

Kiti kilikuwa kitupu. Nilimtazama nikidhani ananifanyia mzaha wa kumkaribisha mgeni kazini. Lakini mgonjwa mwenyewe, mwanamke mwenye akili zake timamu, alinijibu kabla sijauliza. "Kina dada yangu. Wewe kaa tu hapo miguuni, hutamsumbua." Tuliporudi garini ndipo nikaambiwa kwamba dada huyo alizikwa zamani. Tangu siku ile, nyumba yoyote niliyoingia nilikuwa nauliza kwanza.

Nyinyi mliobaki kazini mmenitaka niandike niliyoyaona, na nimewaahidi. Ya vyeo na mishahara siandiki, hayo mtayaona wenyewe, au hamtayaona. Nitaandika vile vitu ambavyo hakuna semina itakayowafundisha, kwa sababu anayelipia semina hapendi kuvisikia.

Tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, kwenye njia ya kwenda mochari. Nadhani aliyetupa alikuwa na ucheshi wake. Watu walikuwa wakitupita upesi upesi, na mtaani walituita "watu wa mwisho". Gari letu likisimama nje ya nyumba, majirani huanza kuulizana mazishi ni lini. Kwa hiyo nilijifunza kumwambia dereva aegeshe mbali, dukani au kanisani, nami niende kwa miguu nikiwa nimebeba kikapu kama mtu anayekwenda kununua mayai. Ndani ya kikapu mlikuwa na morfini ya maji, bomba za kupimia dawa, pamba, na chupa ya chai ya Sista Dorkasi.

Ya morfini mnayajua. Itolewe kwa saa zake, asingojewe mgonjwa mpaka alie. Na ukimwandikia mtu morfini ukasahau dawa ya kulainisha choo, umemtoa kwenye mateso ya juu ukamtia kwenye mateso ya chini, wala hatakushukuru. Wengine wataikataa wakisema ni dawa ya kuagia dunia. Msibishane nao. Waambieni wapo watu wanaoinywa na bado wanalima.

Lakini kuna maumivu ambayo morfini haiyafikii, na hili nililiona kwa Mzee Swaleh, muuza vitambaa wa hapa mjini, mtu wa pwani kama mimi. Alikuwa na saratani ya tezi dume na mpira wa mkojo. Tuliongeza dawa, tukaongeza tena, na kila nikimwomba anionyeshe kwa vidole maumivu ni kiasi gani, aliniinulia kiganja kizima. Mimi Mwislamu mwenzake, na sikufikiria kumuuliza jambo ambalo Sista Dorkasi, Mkatoliki wa milimani, alimuuliza siku ya kwanza tu alipomwona: "Mzee, unasali vipi siku hizi?" Mzee Swaleh akafunika uso kwa kofia yake. Hakuwa amesali tangu awekewe ule mpira, kwa kuona kwamba hana twahara, na alikuwa akiwadanganya wanawe kwamba anasali kitandani. Nilimwita maalimu. Alikuja, akamweleza kwa upole kwamba mwenye udhuru hutia udhu kila wakati wa sala unapoingia, akasali hivyo hivyo alivyo. Mchana ule alisali adhuhuri nami nikiwa nje ya pazia. Nilipomuuliza tena, aliinua vidole viwili.

Njia ya Sista Dorkasi ilikuwa hiyo tu. Uliza swali moja, mimina chai, kisha unyamaze mpaka chai ipoe. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi wauguzi tunaogopa kimya, tunakijaza kwa kupima presha. Alipostaafu aliniachia chupa yake ya chai, na hakuishi sana baada ya hapo. Mungu amrehemu, alikuwa mkali na nilimpenda.

Sasa nifike kwa mgonjwa ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika. Aliishi Kishushe, kule kwenye ranchi na udongo mwekundu, ambako gari likipita watu hutoka nje kulitazama. Tulipokelewa na Mwadime, mhudumu wa afya wa kijiji, jirani yake. Njiani aliniambia mgonjwa anaitwa Mama Wakio, kwa jina la bintiye wa pekee, kama ilivyo desturi. Basi nikaingia na kusema, "Hujambo, Mama Wakio."

"Mimi naitwa Mkawasi," akajibu. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo. "Hilo jina lingine usiniite."

Nilitazama mahali pa kukaa. Karibu na kichwa chake palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimesuguliwa kikang'aa katikati. Nikauliza kama kina mtu. Mwadime alinigeukia kwa mshangao, lakini mgonjwa alitabasamu. "Kina mwenye nyumba," akasema. Mumewe alikuwa amelala kaburini nyuma ya boma, nililiona nilipokuwa naingia. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Alikuwa na saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Chakula kilikuwa hakipiti tena, wala maji, hata mate yake mwenyewe. Alilishwa uji kwa bomba kupitia mpira uliotobolewa tumboni, na mate aliyatema kwenye kopo lenye majivu, mchana kutwa, kwa adabu, akijifunika na leso. Hayo yote tuliyatarajia. Ambalo sikulitarajia ni lile alilonionyesha Mwadime kwa kunyanyua kidevu: "Ngoja, sasa uangalie. Kila asubuhi hufanya hivi."

Bibi Mkawasi aliomba kikombe cha maji. Alipiga funda, akaliweka kinywani bila kumeza, maana kumeza hawezi. Akageukia mlango uliokuwa wazi. Macho yake yalimtazama mtu aliyesimama pale, kwa urefu wa mtu mzima, na pale hapakuwa na mtu, palikuwa na jua tu. Akanong'ona kitu kwa pembe ya kinywa, kisha akayatema yale maji kwa nguvu nisiyodhani anayo. Yakatawanyika hewani. Akafanya tena, na tena, kila mara akisema maneno yale yale kwanza, kisha akalala akikohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Niliyaona maji yakitoka. Sikuyaona yakianguka. Nilipoinuka kumsaidia nilikanyaga pale mbele ya kitanda, nikapitisha mkono chini kwa kuwa ndiyo tabia ya muuguzi, hupenda kujua kilichomwagika. Sakafu ya udongo ilikuwa kavu na vumbi lake. Mlangoni pia pakavu. Nikajiambia jua la Kishushe halina subira.

Nilimuuliza Mwadime anasema nini. Akatazama pembeni. "Sista, mambo ya wazee hayo. Nikikuambia, utaenda kuambia watu wa Voi, halafu watakuja tena na moto." Sikumwelewa.

Niliporudi Voi nilimtafuta Wakio. Alikuwa msusi, ana kibanda chake nyuma ya stendi, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye binti mdogo wa shule. Nilipomtajia mamake aliacha kusuka, na yule mteja akabaki na kichwa nusu.

"Mama ananilaani, Sista," akasema. "Kila siku ananitemea mate kwa mlango."

"Mamako hawezi kuinuka kitandani, mwanangu. Yuko Kishushe."

"Najua yuko wapi. Wewe kuja asubuhi uone."

Kisha akanieleza, huku mikono ikimtetemeka, na nikaona kwa nini mteja alikuwa na mistari ya ovyo. Mamake alipoanza kushindwa kumeza, Wakio alikwenda Kishushe na watu wa kanisa lake kumwombea. Wakakiona kibuyu cha nyanya yake kikining'inia ukutani, kile walichokuwa wakitasia wazee, katika ibada yao ya maji. Wakasema hicho ndicho kilichofunga koo.

"Mimi mwenyewe ndio nilikitoa nje nikakichoma," Wakio akasema. "Nilitaka apone, Sista. Wallahi sikutaka kingine." Aliapa kiislamu kwa ajili yangu, nadhani. "Akasema neno moja, 'Nimekasirika,' akageukia ukuta. Tangu hapo haniongeleshi. Nilirudi mara moja, nikasimama nje ya dirisha, nikamsikia. Anasema jina yangu, anasema hasira, halafu anatema. Mimi nimesomea huku kwa shangazi, Kidawida changu ni cha salamu na chakula, lakini hayo maneno mawili nayajua. Siwezi rudi pale. Na sasa mtoto ameanza kuuliza nani anamwaga maji."

Asubuhi iliyofuata nilipita kwake nikienda kazini. Ni ploti ya vyumba vilivyopangana, milango ya chuma, na ilikuwa kiangazi kile ambacho mifereji ya Voi hutoa hewa tu. Milango yote ilikuwa mikavu isipokuwa wake. Ulikuwa umelowa kifuani, kwa urefu wa mtu mzima, matone yametawanyika kutoka katikati. Maji yakivuja kutoka juu huchora mistari, na mtu akimwaga ndoo hulowesha chini. Haya hayakuwa hivyo. Niligusa kwa kidole. Yalikuwa baridi, na nilipokisogeza kidole puani kilinuka moshi kidogo.

Mimi si mtu wa kuona mambo. Nilitazama paa, nikatazama bomba, nikamuuliza jirani kama yupo anayemfanyia utani. Kisha nikaenda kazini nikapima dawa za watu, na siku nzima nilikiosha kile kidole kila nilipopita kwenye sinki.

Kikohozi cha Bibi Mkawasi kilinitia wasiwasi zaidi ya mlango, kwa maana maji yale yangeweza kumwingia mapafuni. Nilimweleza daktari wetu: mgonjwa wa umio, mate mengi, anatema maji, anapaliwa. Akaandika vidonge vya kukausha mate, vya kusagwa na kupitishwa kwenye mpira. Ni dawa nzuri, na ilikuwa ndiyo ya kuandika. Nikampelekea Mwadime kwa gari la chanjo.

Siku chache baadaye Wakio alinipigia simu akicheka. "Sista! Mlango imekauka! Leo siku ya pili. Tulikesha kwa maombi, Bwana amejibu!" Nikamwambia alhamdulillahi. Alikuwa amelala, akaniambia, amelala usingizi kama mtoto. Nilifurahi kwa ajili yake na sikuunganisha kitu na kitu.

Tulipokwenda Kishushe safari ya pili, Mwadime alinilaki njiani. Kikohozi kimeisha, kopo limekauka, lakini mgonjwa amebadilika. Nilimkuta amelala chali, midomo imepasuka, macho yameganda mlangoni. Aliinulia mlango mkono wake kana kwamba anamsihi mtu asiondoke. Nikamuuliza kama ana maumivu. Akatikisa kichwa. Nikatoa chupa, nikamimina chai yangu, nikauliza lile swali moja: "Kitu gani kinakulemea kuliko ugonjwa?" Kisha nikanyamaza. Hapakuwa na upepo, hata kuku walikuwa wamejikunyata kivulini. Chai ilipoa, ikafanya ngozi juu. Kile kigoda kilitoa mlio mdogo, ule ambao mti hutoa mtu anapokaa vizuri, nami nikaendelea kutazama kikombe changu.

"Mmeniziba kinywa," akasema mwishowe.

Akanieleza kwa vipande, akipumzika kila neno. Kutasa si laana. Mtu mwenye hasira moyoni huchukua maji kinywani, akaitaja hasira yake bila kuificha, kisha akaitema nje pamoja na maji, akamwombea heri yule aliyemkosea. Lazima uitaje kwanza, la sivyo haitoki. "Hasira ya mzazi haingoji ruhusa," akasema. "Inamfuata mtoto yenyewe, hata kama mzazi hataki. Mimi nampenda Wakio. Ni moyo umekataa kusikia. Kila asubuhi naitoa, nasema, hasira toka, Mulungu amweke Wakio salama na mtoto wake. Nikiamka tena naikuta imebaki kidogo. Sasa kinywa kimekauka, hakishiki maji, yananimwagikia kidevuni. Nikifa nayo itabaki juu ya mtoto wangu. Nitaitoa na nini, mwanangu?"

Wakio alikuwa amesikia vizuri, jina lake na hasira. Alichokosa ni neno dogo la katikati, lile la 'toka'.

Nilimuuliza alianza kushindwa kutasa siku gani. Akanitajia. Nilizilinganisha siku kichwani na ile simu ya Wakio ya mlango mkavu, zikawa ni siku zile zile. Nilisimamisha vidonge pale pale, nikampigia daktari tulipofika penye mtandao. Akaniuliza sababu ya kitabibu. Nikamwambia, "Mgonjwa anayataka mate yake." Nilimweleza kwamba anajua anaweza kupaliwa na amechagua, na kwamba tutamfundisha Mwadime kumwegemeza na kumlaza ubavu. Daktari akasema sawa. Alikuwa kijana mwelewa, namwombea afike mbali.

Mlango wa Wakio ulilowa tena baada ya siku mbili. Alikuja kituoni mbio, kitambaa kimemvuka kichwani, akalia kwenye kile chumba chetu cha stoo. Nilimweleza yote niliyoambiwa. Nilijua anapima: mchungaji wake aliyemwambia jambo moja, na mimi mwanamke wa dini nyingine niliyemwambia jingine.

"Na kama si kweli?" akauliza. "Nikienda pale anitemee, halafu iwe ni laana?"

"Basi utakuwa umelaaniwa na mama anayekuombea heri," nikamwambia. "Mimi nitakaa nawe. Mamako hana siku nyingi, Wakio. Hilo nakuambia kama muuguzi."

Njia nzima alikuwa amebeba chupa ya maji ya Voi mapajani, sijui kwa nini, nadhani hakutaka kufika mikono mitupu na hakujua mtu asiyemeza hupelekewa nini.

Tulifika jua likiwa utosini. Bibi Mkawasi alikuwa amepungua sana, amebaki macho. Alikuwa anautazama mlango, na Wakio aliposimama pale, alisimama mahali pale pale, kwa urefu ule ule, ambapo nilimwona mamake akipatazama siku ya kwanza. Sikupenda kuliona hilo, lakini niliona.

"Mama," Wakio akasema, "naogopa."

"Hata mimi," mamake akajibu. Kisha akasogeza mkono kuelekea kigoda. "Kaa hapo. Amekupisha."

Wakio alinitazama. Mimi nikamwitikia kwa kichwa. Alikikaribia kigoda taratibu, akakaa, na baadaye aliniambia kilikuwa na joto. Mwadime alimwegemeza mgonjwa kifuani kwake, akampa kikombe. Wakio akauzuia ule mkono, akamimina maji aliyokuja nayo. Mamake akapiga funda, akaanza kunong'ona, na Mwadime safari hii hakutazama pembeni, akawa anatufasiria kimoja kimoja. "Anasema, nilikasirika. Anasema, ulichoma kitu ya mama yangu bila kuniuliza. Anasema, hiyo hasira nimeikalia, nimechoka nayo. Sasa toka. Toka kwangu, na usiende kwake. Mulungu amweke Wakio. Amweke mtoto. Alale vizuri. Mikono yake ishike kazi."

Hakuwa na nguvu ya kutema. Maji yalitoka kwa pumzi tu, machache, yakamfikia Wakio usoni na kwenye mikono. Wakio alifumba macho kama anayengoja kofi. Kisha akayafumbua, akajigusa shavu.

"Imetoka yote, Mama?"

Bibi Mkawasi alijisikiliza ndani kwa muda, nasi wote tukangoja naye. "Imetoka," akasema. Wakio akamwangukia kifuani, upande usio na mpira, maana hata katika kilio alikumbuka ule mpira, nami nikatoka nje nikalia nyuma ya gari kama mwanafunzi. Nilipoingia kuaga nilisema, "Kwaheri, Mama Mkawasi."

"Mama Wakio," akanisahihisha.

Nilidhani mlango sasa utakauka. Haukukauka. Wakio aliendelea kuukuta umelowa kila asubuhi, lakini aliacha kunipigia simu kwa hofu. Nilimpitia kibandani, nikamuuliza. "Bado, Sista. Lakini hiyo si hasira, hasira iliisha, nilimwona. Hiyo ni ile nyingine, ya heri." Alikuwa anasuka huku anaongea, na mistari ilikuwa imenyooka. "Nikitoka naguza, nampaka mtoto kwa paji, tunaenda zetu. Kanisani sijasema."

Sikumweleza daktari, wala sikuandika popote. Nyinyi mtaniuliza ninaamini nini. Naamini nilichogusa kwa kidole. Nimeona wagonjwa wengi wakifa wakiwa na dawa ya kutosha na kitu kimoja kimewakwama, na nimeona wachache wakifa wakiwa wamekitoa, na nyuso zao hazifanani. Mengine namwachia Mwenyezi Mungu, ambaye hajanitaka maelezo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nachambua mchele jikoni kabla ya kwenda kazini, simu ikalia. Wakio hakusalimia.

"Sista. Mlango imekauka."

Nilikaa chini. Kishushe mtandao hushikwa mlimani tu, na Mwadime hakufika mlimani na ile habari ya msiba mpaka adhuhuri. Lakini sote wawili tulishajua. Yule aliyenipigia simu mara ya kwanza akicheka kwa ule mlango mkavu, sasa nilimsikia akiupapasa kwa kiganja, juu, chini, pembeni, anatafuta hata tone.

"Kote imekauka," akasema. "Hata kwa kizingiti. Sista, sasa nitafanya nini?"

Nilitaka kumwambia pole, na kwamba ninakuja. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anavaa viatu vya shule."

"Msimamishe mlangoni, mwanangu. Chukua maji."

Nikamsikia akimwita bintiye. Nikasikia kikombe kikigonga mtungi. Nikaita, "Wakio?" mara mbili, tatu, naye akawa hanijibu, na mimi nikaacha kuita, kwa kuwa mtu mwenye maji kinywani hajibu.